Vinu Juu ya Dari

Chamsia alikuwa na tabia ya kugonga mbao za watu. Akiingia nyumbani kwako, kabla hujamtolea kiti, kidole chake kilichokunjwa kimeshatua kwenye fremu ya mlango: ko, ko, ko. Hakuwa akibisha hodi. Alikuwa akisikiliza. Alisomea kilimo Madagaska akarudi na diploma, na kazi yake pale Moroni, mji mkuu wa Komoro ulioko kisiwa cha Ngazija, ilikuwa kukagua makasha ya vanila na karafuu katika ghala moja karibu na bandari, mdudu asipakiwe melini pamoja na bidhaa. Kasha zima hujibu kwa sauti nzito. Kasha lililoliwa na mchwa hujibu kama kibuyu. Sikio likishazoea tofauti hiyo, haliwezi tena kukaa chumbani bila kujua limekaa chini ya nini.

"Siku ukifa, mama Oumayma," jirani yake Hanane alimwambia, "utaligonga jeneza kabla hujalala."

"Nitaligonga. Na likiwa bovu nitashuka niende kwa miguu."

Kisha ukaja ule mwezi wa Aprili 1999, Moroni ilipochafuka. Kisiwa cha Anzuani kilikuwa kimejitangazia kujitenga, mazungumzo yalikuwa yamekwama, na vijana wa mjini walianza kusimamisha magari na kuwauliza abiria wametoka kisiwa gani. Chamsia alikuwa mtu wa Mutsamudu, huko huko Anzuani, na lafudhi yake haikujificha hata alipokohoa. Mumewe Kamardine, mzaliwa wa Moroni, aliweka kiti mlangoni akakaa hapo mchana kutwa pamoja na binamu zake, na hakuna aliyethubutu kuingia. Lakini mtu hawezi kuishi maisha yake yote akilindwa na kiti.

"Nenda," Kamardine alimwambia. "Mchukue Oumayma. Nyumba ya mama yako ipo, ni yako, hapana wa kukuuliza umetoka wapi."

"Na wewe?"

"Mimi nikija huko, wa kukaa kwenye kiti cha mlangoni utakuwa wewe."

Ndivyo Chamsia alivyorudi Mutsamudu na binti yake mmoja na makasha machache ya nguo. Nyumba ilikuwa ndani ya mji wa kale, chini ya ngome, katika kichochoro ambacho watu wawili wakikutana mmoja lazima ageuke ubavu. Ilikuwa ya mawe, yenye ghorofa moja, na dari la chini lilibebwa na boriti nene ambazo hakuna aliyekumbuka zilikatwa lini. Visiwani kule nyumba ni ya mwanamke. Mama humpa binti siku ya harusi, na anayehamia na sanduku lake ni mume. Nyumba hiyo ilitoka kwa nyanya ikaja kwa mama yake Chamsia, ikaja kwake, na siku Oumayma atakapoolewa itakuwa ya Oumayma. Miaka yote Chamsia alipokuwa Moroni, aliyeitunza ni Saandia, dada mkubwa wa marehemu mama yake, mwanamke mfupi aliyetembea na funguo kiunoni na kauli yake mbele.

Oumayma hakukaa muda mrefu bila kuposwa. Aliyemposa alikuwa Naoufal, muuguzi kijana anayeishi mtaa wa Hombo, nje ya mji wa kale, mpole, mwenye mama mmoja mkali. Harusi ikapangwa kufanyika baada ya Idi ya kuchinja. Chamsia alikuwa amepata vipindi vya kufundisha elimu ya viumbe, akitoka asubuhi na kurudi na rundo la madaftari, kwa hiyo Saandia alimwambia: "Wewe sahihisha hayo madaftari yako. Harusi niachie mimi." Akaachiwa.

Na Saandia aliifanya kazi hiyo kama mtu aliyeingoja maisha yake yote. Chumba cha maharusi, kile cha nyuma upande wa chini, kilipakwa chokaa mpaka kikawaka. Kitanda cha nakshi kikaingizwa, kabati kubwa likasukumwa likagusa ukuta, dirisha likafungwa, mlango ukatiwa kufuli. Kwa desturi ya nyumba ile, chumba kikishatayarishwa hakifunguliwi tena mpaka siku yenyewe. Kisha kisiwa kikawekewa vikwazo kwa ajili ya kule kujitenga, mashua zikapungua, mafuta ya taa yakawa ya kutafutwa kama dawa, na Saandia, asiyetaka pilau ya mjukuu wake ikwame kwa kukosa moto, akaanza kununua kuni. Akazipanga uani, chini ya ngazi, juu ya udongo, zikiegemea ukuta wa nyuma, rundo refu kama mtu. Kila aliyepita alimsifu.

Asubuhi moja baada ya mvua kubwa, Oumayma alikuwa akifagia ukumbi mdogo wa chini. Chamsia alikuwa akivaa viatu.

"Mama, tazama. Kumbikumbi wameangusha mbawa zao."

Chamsia aliinama. Mbawa zilikuwa zimetapakaa sakafuni, nyembamba, zote kimo kimoja, kama maganda ya kitu kilichomenywa kwa uangalifu. Zilikuwa nyingi karibu na mlango wa chumba cha maharusi, na nyingine zilikuwa zimechungulia kutoka chini yake.

"Dirisha la humo limefungwa?"

"Tangu kupakwe chokaa."

"Basi hawakuingia," Chamsia alisema. "Wametoka."

Akavua viatu.

Saandia alikuwa jikoni. Aliposikia anaombwa ufunguo, aliufunika kwa kiganja kama anayeziba jeraha.

"Chumba cha bibi harusi hakifunguliwi."

"Mamkubwa, kimeshafunguliwa. Kuna walioingia kabla ya bwana harusi."

"Nani?"

"Nipe ufunguo nikutambulishe."

Ndani kulikuwa na harufu ya chokaa na ya mbao mpya, na chini yake harufu nyingine, ya ardhi iliyolowa. Chamsia alifungua dirisha. Mwanga uliingia ubavuni ukaukwangua ukuta, na hapo akauona: mstari uliovimba kidogo chini ya chokaa, mnene kama kidole, ukitoka kwenye pembe nyuma ya kabati, ukipanda, ukipinda palipo na jiwe gumu, ukiendelea mpaka kwenye boriti. Ulikuwa umepakwa chokaa vizuri kabisa, nyeupe kama ukuta wenyewe.

"Oumayma, niletee kijiko."

Alikwangua kwa mpini. Chokaa ikaanguka, kisha udongo mkavu, na ndani ya udongo kulikuwa na njia ndogo, na ndani ya njia wadudu weupe, laini, wakikimbia huku na huko kama watu waliofunuliwa paa. Saandia alivuta pumzi. Chamsia akapanda kigoda ("Usikanyage kitanda!" Saandia alipiga kelele) akagonga boriti. Ya kwanza ilijibu vizuri. Ya pili ikajibu kama kibuyu. Ya tatu hivyo hivyo. Akausukuma mpini wa kijiko kwenye ile ya pili, bila nguvu, kama anayepima keki. Ukazama wote.

Alishuka, akatazama juu. Juu ya boriti zile ndipo palipokuwa na ukumbi mkubwa wa wanawake. Na ndani ya ukumbi ule, siku ya harusi, ingechezwa wadaha: wanawake wenye vinu na michi, wakitwanga kwa zamu na kwa mdundo, wakizunguka, wakibadilishana, vinu vizito vya mti vikipigwa mpaka vyombo vinacheza kabatini. Nyumba nyingine huicheza nje. Wanawake wa nyumba hii hawakuwahi kucheza mbele ya wapita njia. Walicheza juu, tangu enzi za nyanya, na bibi harusi akiwa chini, amekaa kitandani, akisikiliza wakimtwangia.

Oumayma naye alikuwa ameinua macho. Hakuhitaji kuelezwa.

"Umewaleta wewe," Saandia alisema ghafla. "Kwenye makasha yako ya Moroni. Haitoshi walivyotufanya, sasa hata mchwa wa Ngazija wanakuja kutula."

"Mamkubwa, makasha yangu yako juu, na hawa wametoka chini. Njoo uone walikotoka."

Alimpeleka uani, akaanza kushusha kuni. Za juu zilikuwa kavu na safi. Za katikati zilikuwa na vumbi. Za chini kabisa hazikuwa kuni tena. Zilikuwa magamba yaliyojaa udongo, ukizishika zinamomonyoka mkononi. Nyuma yake ukuta ulikuwa mbichi, kwa sababu maji ya bafuni yalipita hapo yakanywea ardhini badala ya kwenda kwenye mfereji. Mstari wa udongo ulipanda kutoka kwenye rundo, ukaingia kwenye ufa kati ya mawe mawili.

"Wana maji, wana chakula, wana kivuli," Chamsia alisema. "Tumewafanyia karamu wao kwanza."

Saandia alitazama kuni zake.

Mchana akaitwa Nassurdine, binamu yake Chamsia, fundi muashi, ndiye aliyepaka chokaa. Aliingia akicheka, akauona mstari uliokwanguliwa, akaacha kucheka.

"Ulipopaka hukuona ukuta una mshipa?" Chamsia alimuuliza.

"Niliuona, dada. Nikaulainisha."

"Ukaulainisha."

"Niliambiwa nipake, sikuambiwa niulize ukuta unaumwa nini."

Alipanda, akagonga, akachoma kwa bisibisi, akarudi chini akijifuta mikono. Boriti ya pili imekwisha, alisema, ya tatu nusu. Mbao mpya za kimo kile hazipatikani kisiwani kwa sasa, na saruji ndiyo usiseme. Lakini dari lenyewe ni la mawe na chokaa lililoshikana miaka mingi, halitaanguka leo. Tukipaka tena, tukavumilia, harusi ikapita, wageni wakaondoka, hapo tutalishughulikia kwa nafasi.

"Umesema vizuri," Saandia alimwambia. "Mtu mzima huyu."

"Na vinu?" Chamsia aliuliza.

Nassurdine alijikuna shingo. "Vinu... inategemea."

"Inategemea nini?"

"Watacheza wanawake wangapi."

"Na wanene kiasi gani," Oumayma aliongeza.

Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine wangecheka.

Nassurdine alipotoka, Saandia alifunga mlango wa mbele, akaketi, na maneno yake yakawa ya taratibu, ndiyo maana yaliuma. "Nisikilize, Chamsia. Wadaha isipochezwa juu, watu watauliza kwa nini. Wakiuliza wataambiwa. Watasema ukoo wetu umetoa nyumba iliyooza. Mtoto huyu tayari ana baba wa Ngazija, katika mwaka kama huu. Nimewafunga watu midomo mpaka nimechoka. Usimwongezee na nyumba mbovu."

Chamsia alimgeukia binti yake. Oumayma alikuwa akikunja pembe ya kanga, akiikunjua, akiikunja.

"Mama, labda tungoje tu ipite," alisema. "Nitakaa chumba cha mbele siku hiyo. Sitakaa chini yake."

"Na walio juu yake?"

Oumayma aliiachia ile pembe ya kanga.

Chamsia hakuinua sauti. Alikwenda chumbani, akauvunja ule mstari wa udongo mahali pengine, sehemu yenye urefu wa kiganja, akaacha pengo wazi, ukuta mtupu. "Tuache hivi," alisema. "Kesho tutazame. Kama wamehama, nitanyamaza na nitapaka chokaa mwenyewe."

Alfajiri, baada ya sala, waliingia wote watatu. Pengo lilikuwa limezibwa. Udongo mpya, mweusi, bado mbichi, ulikuwa umepita pale pale, na mwisho wake ulikuwa umesonga mbele zaidi kwenye boriti ya nne, ambayo jana ilikuwa safi.

"Hawa hawangoji ipite," Chamsia alisema.

Oumayma aligusa udongo ule kwa ncha ya kidole. "Nenda kwa mama yake Naoufal," alisema. "Mwambie wewe kabla hajaambiwa na mtu. Lakini nakuomba, mama, usigonge mlango wao."

Saandia alitoka chumbani, funguo zikilia kiunoni.

Teksi zilikuwa chache kwa kukosa petroli, kwa hiyo Chamsia alikwenda Hombo kwa miguu. Mama yake Naoufal, Asmahane, alikuwa barazani akichagua mchele, mwanamke mkubwa wa umbo, miwani imeshuka puani. Alimtazama mgeni akipanda ngazi, akasogeza ungo.

"Mama wa bibi harusi akija peke yake, bila kutuma mtu," alisema baada ya salamu, "ni moja kati ya mawili. Ama anataka dhahabu zaidi, ama binti amekataa."

"Ni la tatu. Nyumba ina mchwa."

Mkono wa Asmahane ulisimama juu ya mchele.

"Mchwa wa namna gani?"

"Wa ardhini. Wamepanda ukutani kutoka kwenye kuni, wamekula boriti za chumba cha maharusi. Juu yake ndipo ilipopangwa wadaha."

"Nani mwingine anajua?"

"Sisi wa nyumbani na fundi. Na sasa wewe."

"Kwa nini uniambie? Ningekuwa mimi ningepaka chokaa."

"Tulipaka. Ndiyo iliyowaficha."

Asmahane alivua miwani. "Dari litamwangukia mwanangu?"

"Nikilitia nguzo, halitamwangukia mtu. Atalala salama, na boriti tutabadilisha njia zikifunguka. Lakini vinu havitapigwa juu yake. Watakaokuwa juu ni wanawake wa kwako na wa kwangu, na chini yao binti yangu. Siwezi kulinyamazia hilo ili watu wasiseme."

"Watasema tumeoa nyumba mbovu."

"Watasema."

"Na baba yake yuko Moroni."

"Yuko Moroni. Hilo halikufichwa na chokaa, ulilijua siku ulipoleta posa."

Kuku mmoja alipanda barazani, akautazama ungo, akafukuzwa.

"Wewe huna neno tamu hata moja," Asmahane alisema hatimaye.

"Nimekuja kwa miguu. Matamu yameanguka njiani."

Mabega ya Asmahane yalianza kutikisika kabla kicheko hakijatoka. Alicheka mpaka akashika ubavu. Halafu akawa mtu wa kazi: basi wadaha ichezwe hapa kwake, uwanja wake ni ardhi tupu, atwange mtu atakavyo. Chamsia alimshukuru, akasema atalifikisha kwa mama yake mkubwa, ingawa alijua Saandia angeona afadhali dari limwangukie yeye mwenyewe.

Alipoinuka kuondoka, Asmahane alimwangalia mikono. "Mbona umejikamata hivyo tangu umekuja? Unaumwa?"

"Binti yangu amenikataza kugonga mlango wako."

"Kwani ukigonga?"

"Nitajua."

Asmahane alitazama mlango wake, kisha barabara, kisha mlango wake tena. "Gonga."

Fremu ya kulia ilijibu kwa uzito. Chamsia akahamia kushoto, akagonga juu, katikati, akainama akagonga chini, karibu na mabanzi ya mnazi yaliyoegemezwa pale. Ko, ko, kibuyu.

Wakatazamana.

"Yaondoe mabanzi leo," Chamsia alisema. "Bado ni mapema hapa."

"Na wewe usimwambie mtu."

"Watu watasema nimeoza binti kwenye nyumba mbovu," Chamsia alisema, na safari hii walicheka wote wawili, mpaka jirani akachungulia.

Saandia aliipokea habari akiwa amesimama. Kwamba Asmahane hakuvunja harusi, alishukuru. Kwamba Asmahane ametoa uwanja wake, alishika kichwa.

"Wadaha ya mtoto wetu ikachezwe kwa mume? Mwanamume ndiye anayekuja kwetu! Tuwapelekee na vinu vyetu kichwani, kama tunakwenda kutwanga kwa ujira?"

"Basi tufanye wapi? Uani hakutoshi, na kutachimbwa."

Saandia alitoka mpaka kizingitini. Akasimama hapo muda, akitazama kichochoro upande wa juu, akitazama upande wa chini. Kuta zilipanda pande zote mbili, na chini kulikuwa na mawe yaliyosuguliwa na nyayo. Aliingia ndani, akafungua sanduku lake mwenyewe, akaanza kutoa shiromani zake, zile nguo kubwa nyekundu ambazo wanawake wa Anzuani hujifunika watokapo, moja baada ya nyingine, nyingine hazijawahi kuvaliwa.

"Tutaziba huku," alisema, "na tutaziba kule. Kilicho kati ya pazia na pazia ni ukumbi wangu. Atakayetaka kupita azungukie msikitini."

Chamsia aliziangalia nguo zile, halafu mawe ya kichochoro, halafu mama yake mkubwa. "Mamkubwa," alisema, "hapo hata akili ya Nassurdine isingefika."

"Nassurdine alisema tupake tena," Saandia alimjibu, kana kwamba yeye hakuwahi kumsifu.

Siku zilizofuata nyumba iligeuka kazi. Nassurdine alileta mirunda, ile miti ya kuegemezea zege, iliyokuwa imelala bure kwenye jengo lake lililokosa saruji, akaisimamisha chumbani chini ya boriti mbovu. Chamsia alimkataza kuiweka moja kwa moja sakafuni. Kila mrunda ulisimama juu ya jiwe pana, na ncha zake zote, juu na chini, alizipaka oili chafu ya gereji mwenyewe, amefunga leso puani. Kabati lilivutwa mbele mpaka mtu akaweza kupitisha mkono na taa nyuma yake. Chokaa ya pembe ile ikakwanguliwa yote, ukuta ukabaki mtupu na mbaya, na Chamsia akasema ubaki hivyo, ili mstari mpya ukitokea uonekane. Saandia alitaka apake mafuta ya karafuu.

"Yatawafanya wanukie tu," Chamsia alimwambia.

Uani walichimba kando ya ukuta, wakifuata njia za udongo chini ya mahali palipokuwa na kuni, mpaka wakakuta kiota chenye mashimo kama sifongo. Wakakivunja, wakamwagia maji yanayochemka sufuria juu ya sufuria. Oumayma alikuwa akiyachota jikoni, jasho linamtiririka, mikono ambayo ingepakwa hina imejaa masizi.

"Ndiyo wamekwisha?" aliuliza.

"Hapana. Hiki si lazima kiwe cha mwisho, na dawa ya kweli haiji mpaka mashua zije. Tumewapunguza, tumewanyima maji na chakula. Kilichobaki ni kutazama kila mara. Nyumba ikiwa yako, kutazama ni juu yako."

Maji ya bafuni yakatengenezewa mkondo. Kuni zilizopona zikapangwa upya katikati ya ua, juu ya mawe, mbali na kila ukuta.

Kamardine hakuweza kuja. Alimpa mjomba wa Oumayma uwakala wa kumwozesha binti yake, na mwanamke mmoja mfanyabiashara, Mounira, aliyezungukia kisiwa cha Maore ili kuvikwepa vikwazo, alileta salamu zake kwa mdomo. Chamsia alikuwa ametuma habari za nyumba kwa njia hiyo hiyo.

"Amesema anawaombea dua," Mounira alisema, "na amesema, mwambie mama Oumayma akigonge na kitanda, huyo mkwe mwenyewe sijamwona uzito wake."

Oumayma alijifunika uso akacheka, na alipoufunua macho yalikuwa na maji.

Siku ya harusi shiromani nyekundu zilining'inia pande zote mbili za kichochoro, na jua la alasiri likipenya ndani yake kuta zote zikawa na rangi ya joto. Vinu vilipangwa juu ya mawe. Wanawake wa mji wa kale na wanawake wa Hombo walijaa mpaka vizingitini, madirisha ya juu yakajaa vichwa, na Asmahane mwenyewe akachukua mchi wa kwanza, akautwanga kwa nguvu zake zote huku akimtazama Saandia, kama anayesema: dari lipi lingehimili hili? Waliouliza kwa nini inachezwa nje walijibiwa na Saandia kabla hawajamaliza swali: "Boriti zimeliwa, tunazibadilisha. Za kwenu umezigonga lini?" Na hakuna aliyeuliza mara ya pili.

Ndani, Oumayma alikuwa amekaa kitandani, hina mikononi, katikati ya mirunda iliyoviringishiwa kitambaa cheupe na mashada ya maua ya mlangilangi. Mtu asiyejua angedhani ni pambo. Mdundo wa vinu ulipita kwenye mawe ya nje, ukaingia kwenye kuta, ukaja mpaka nyayoni. Chamsia aliweka kiganja kwenye mrunda mmoja, akatazama mkeka mweupe uliokuwa chini ya boriti. Alitazama muda mrefu. Hakuna chembe ya vumbi iliyoanguka.

"Mama," Oumayma alisema, bila kugeuza kichwa, maana alikatazwa asijitikise. "Gonga."

"Leo? Mbele ya wageni?"

"Gonga tu, ndiyo nitulie."

Chamsia alipanda kigoda na nguo zake za harusi, akagonga boriti ile ya nne, iliyowahiwa. Ilijibu kwa sauti nzito.

"Nzima," alisema.

Kutoka uani, juu ya kelele za vinu na vigelegele, walimsikia Saandia akiwafokea wapishi: "Nani kaziegemeza hizo? Zitoe! Nimesema kuni zisiguse ukuta wa mtoto!"